Kilomita Tano za Muleba

Elieth Rwekaza alikuwa mwonjaji wa kahawa katika kampuni moja ya kukoboa na kuuza kahawa mjini Bukoba, na kila siku kabla ya kwenda kuonja alikuwa anakimbia. Hapakuwa na siri katika jambo hilo. Saa kumi na mbili kasoro alfajiri alifunga mlango wa chumba chake cha kupanga kule Miembeni, akatia ufunguo ndani ya soksi, akashika barabara ya Kemondo mpaka saa yake ya mkononi ilipomwambia imetosha, kisha akageuka. Saa mbili alikuwa ameshaoga, yuko maabara, vikombe ishirini na vinne vimepangwa mbele yake. Anachota kwa kijiko, anaivuta kahawa mdomoni kwa kelele ambazo mtu mwingine angezionea haya, anaizungusha ulimini, anaitema kwenye ndoo, anaandika.

Ulimi wake ulikuwa unaheshimika. Gunia likiwa limelala karibu na pipa la dizeli, yeye ndiye aliyelijua. Kahawa iliyoanikwa chini kwenye udongo badala ya kwenye mkeka, aliijua. Na akishaijua aliiandika, hata kama gunia lenyewe lilikuwa la shemeji ya mtu mkubwa. Wengi walimwona mgumu. Yeye mwenyewe alijiona anafanya kazi tu.

Mwaka wa tatu wa maisha hayo, meneja akamwona njiani.

Bwana Rugaibula, meneja mkuu, alikuwa anarudi Bukoba kutoka Dodoma kwenye semina ya afya ya wafanyakazi. Semina ilichukua siku nne, na siku zote nne alizimaliza kitini. Usiku alilala Muleba, alfajiri akaondoka na dereva wake, Muharami, na walipoipita Kemondo wakamkuta msichana mwembamba anapanda mlima mbio, jasho linamtiririka.

“Yule si wa maabara?” Meneja akauliza.

“Ndiye, mzee. Kila siku yuko hapa.”

“Anakwenda wapi?”

“Haendi popote, mzee. Akifika anarudi.”

Meneja akageuka kitini akamtazama kwa kioo cha nyuma mpaka kona ikamficha.

Jumatatu iliyofuata tangazo likabandikwa ubaoni. Kampuni ingefanya Mbio za Afya za Wafanyakazi, na ili jambo hilo liende vizuri iliundwa kamati ya watu kumi na mmoja. Mwenyekiti alikuwa Mama Joyness, afisa utumishi, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Derick wa idara ya masoko alipewa fulana na hamasa. Katibu, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kukimbia, alikuwa Elieth.

Elieth alifurahi. Tusimfiche, alifurahi kweli. Miaka mitatu alikuwa amekimbia peke yake, akipigiwa honi na malori na kuulizwa na wachuuzi wa samaki kama kuna habari gani huko mbele. Sasa wenzake sitini wangekimbia naye. Akaenda kwenye kikao cha kwanza na daftari jipya, na ilipofika zamu yake ya kusema akasema, “Mimi naona tukutane Jumamosi asubuhi uwanjani, tukimbie kidogo kidogo, tuone kila mtu yuko wapi.”

Mtu mmoja akaacha kutafuna chapati.

“Elieth mwanangu,” akasema Mama Joyness, “tusianze na utekelezaji.”

Wakaanza na dira. Kikao cha pili kilikuwa cha dhamira. Cha tatu kilijadili rangi ya fulana, kikavunjika bila mwafaka kwa sababu idara ya ghala ilitaka kijani na idara ya usafirishaji ilisema kijani ni rangi ya watu wa ghala. Cha nne kiliamua kwamba mgongoni mwa fulana iwekwe picha ya Meneja akitabasamu, kama motisha. Hilo lilikuwa wazo la Derick, na Derick alikuwa kijana mwenye mawazo. Vikao vilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, kila mara na chapati, sambusa na soda, na kwa kuwa Meneja alitaka muhtasari mezani kwake saa mbili kamili asubuhi, Elieth aliuandika alfajiri, saa ileile aliyokuwa anafunga mlango na kutia ufunguo ndani ya soksi.

Kwa hiyo akaacha kukimbia. Hakuamua kuacha. Wiki ya kwanza alikosa siku tatu, ya pili siku nne, na kufikia mwezi wa pili raba zake zilikuwa chini ya kitanda, buibui ameanza kuzizoea. Kamati nzima ilinenepa. Alipokwenda nyumbani Kanazi, mama yake, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimtumia mikungu ya ndizi kila wiki kwa hofu ya wembamba wake, alimshika shavu, akalibonyeza kama anayepima papai.

“Umependeza,” akasema. “Umepata mchumba?”

“Hapana, mawe,” akasema, kwani kwa Kihaya mama ni mawe. “Niko kwenye kamati ya mbio.”

“Mungu aibariki hiyo kamati,” mama akasema, na Jumapili hiyo aliiombea kanisani.

Ikaja habari ya njia. Mgeni rasmi aliyekubali kuja alikuwa mstaafu mmoja mwenye heshima zake aliyekuwa na nyumba Muleba, na kwa kuwa hakupenda kusafiri, mbio zikahamishiwa kwake. Kampuni ilikuwa na ghala huko Muleba. Watu wangeanzia hapo, wazunguke vijiji, warudi hapohapo, kilomita tano tu. Muharami akatumwa na gari kwenda kupima, akarudi na mchoro kwenye bahasha ya kaki.

Wiki moja baadaye Elieth akaenda Muleba kuchukua sampuli za kahawa. Akabeba raba. Kazi ilipoisha aliifuata njia ya Muharami kwa kutembea, ikashuka bondeni, ikapita migombani, ikapanda, ikashuka tena. Saa yake ikafika kilomita tano, na ghala halikuonekana. Ikafika saba, akawa katikati ya migomba na mbuzi wanamtazama. Alipogusa lango la ghala saa ilikuwa inasoma kilomita kumi na moja na mita mia mbili.

Akamtafuta Muharami.

“Kaka Muharami, ile njia uliipima vipi?”

“Kwa gari, dada.”

“Mita ya gari ilisema tano?”

“Mita ilikufa zamani hiyo,” Muharami akasema bila kificho. “Nilipima kwa uzoefu. Nimeendesha miaka kumi na tisa. Tano naijua.”

Elieth akalipeleka suala kikaoni. Alieleza taratibu, akaonyesha saa. Wajumbe wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaigeuza, wakaisoma nyuma.

“Hii imetengenezwa wapi?” akauliza Mama Joyness.

“China, mama.”

“Na gari?”

“Japani,” wakaitikia wajumbe watatu kwa pamoja.

Mama Joyness akafungua mikono, kama anayesema mnajionea wenyewe. Elieth hakukubali kuishia hapo. “Mama, watu wetu wengi hata kilomita mbili hawajawahi kukimbia. Tukiwapeleka kumi na moja juani watadondoka.”

Ndipo Derick akainuka, akafungua boksi lililokuwa pembeni, akatoa fulana. Ilikuwa ya njano. Kifuani iliandikwa KIMBIA KWA AFYA, KM 5, na mgongoni Meneja alikuwa anatabasamu.

“Zimeshachapishwa,” Derick akasema. “Zote themanini.”

Basi njia ikabaki tano. Elieth aliandika kwenye muhtasari kwamba katibu alipima akapata kumi na moja na mita mia mbili, na Meneja akausaini asubuhi yake.

Siku ya mbio watu waliamriwa wawe wamefika ghalani Muleba saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Walifika. Mgeni rasmi alitegemewa saa moja. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, spika zikapiga muziki ule ule mpaka mbwa wa mlinzi akahama. Elieth alikuwa amevaa gauni la kitenge la kamati, refu, limebana chini ya magoti. Lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya kukaa. Siku mbili kabla, Mama Joyness alikuwa amemweleza kwamba yeye hatakimbia.

“Katibu hukaa meza kuu. Nani atampa mgeni risala?”

Hata hivyo raba alikuja nazo mkobani, na hakumwambia mtu kwa nini.

Mgeni rasmi aliwasili saa nne na nusu. Alisomewa risala ya kurasa sita, akajibu kwa hotuba ndefu kuliko risala, ambamo alisema kwamba vijana wa siku hizi wanapoteza muda. Kisha akapuliza filimbi, na yeye mwenyewe akakimbia na wenzake hatua zipatazo thelathini, wapiga picha wakirudi kinyumenyume mbele yake, akaingia kivulini akaomba maji.

Meneja alitoka na kundi la mbele. Mtu mzito, miaka hamsini na minne, raba mpya nyeupe kama mayai. Alipita meza kuu akiwa amepandisha kifua, na Elieth aliona uso wake mara mbili, mmoja mbele unaokunja ndita na mmoja mgongoni unaocheka, mpaka nyuso zote mbili zikapotelea bondeni.

Dakika ishirini na nne baadaye Derick akarudi.

Alitokea kwenye kona ya mwisho peke yake, kwa kasi, mikono juu, nywele zimelowa maji na shingo kavu kabisa. Nyuma ya kona ile Elieth alisikia pikipiki ikigeuza na kuondoka. Wengine pia walisikia. Makofi yakapigwa, akavishwa medali, mgeni rasmi akamshika bega akasema huyu ndiye kijana tunayemtaka. Baada yake wakaja wengine watatu, wote pamoja, mmoja amefunga kofia ngumu ya abiria na amesahau kuivua. Nao wakapewa medali.

Kisha pakawa kimya.

Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita. Mgeni rasmi alikuwa na sherehe nyingine, akagawa zawadi zilizobaki kwa waliokuwa karibu, akaondoka. Pilau ikapakuliwa. Wakaanza kuingia watu mmoja mmoja, wengine wamepakiwa wawili wawili kwenye pikipiki bila hata kujificha, wengine wanatembea wakishikilia viuno. Walioukimbia mzunguko mzima kwa miguu yao, Elieth aliwahesabu, walikuwa wanane. Aliandika majina yao. Celina, mhudumu wa ofisi, alikuwa wa kwanza wao, amefunga kanga juu ya suruali, na alipofika hakuna aliyempigia makofi kwa sababu watu walikuwa kwenye foleni ya chakula.

“Meneja yuko wapi?” Mama Joyness akauliza ghafla, sahani mkononi.

Hakuna aliyejua. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Muharami, na Muharami alikuwa amempeleka mgeni rasmi.

“Katibu,” Mama Joyness akasema, “nenda ukamwangalie.”

Elieth akaviacha viatu vya visigino chini ya meza kuu, akavaa raba, akaifuata njia kwa kuanzia mwisho wake. Hatua ya kumi tu gauni la kamati likachanika pembeni mpaka juu ya goti, na akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia miezi miwili. Kifua kilimwuma. Chapati za vikao vyote zilikuwa pale, alizihisi. Lakini miguu ilikuwa inakumbuka. Akawapita vijana wawili wa ghala wamekaa kwenye mfereji wanakula ndizi mbivu, hawajui waliko. Akawapita mafundi wa mtambo wanabishana kama warudi nyuma au waendelee. Wote aliwaonyesha njia, akaendelea.

Kilomita ya nne ya safari yake akasikia sauti ya Meneja. Ilitoka kwenye nyumba moja ya bati iliyojificha ndani ya kibanja kando ya njia, migomba mbele na mibuni nyuma.

Bwana Rugaibula alikuwa barazani, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto. Mbele yake palikuwa na sahani ya ndizi na maharage imeliwa nusu. Bibi mmoja mrefu, kitambaa kichwani, alikuwa amesimama juu yake ameshika kikombe, na alimtazama kwa namna mtu anavyotazama kitu ambacho hajaamua kama kipo.

Elieth akapiga goti kidogo, akamwamkia bibi kwa Kihaya. “Kasinge waitu.”

“Kasinge, mwana wange. Umemfuata huyu?”

“Ndiyo, mawe.”

“Basi nisaidie,” bibi akasema, akavuta kigoda akakaa. Aliitwa Ma Kokushubila, na alikuwa na jambo la kueleza. “Nilikuwa hapa napalilia. Nikaona watu wanapita mbio. Wana fulana mpya za rangi moja. Wanahema, wengine wanalia kabisa, binti mmoja anasema ‘Mungu wangu nakufa.’ Nikatazama migongoni, nikaona picha ya mwanamume. Nikasema, mawe we, mtu amefariki, na amefariki mkubwa, watu wanakimbilia maziko. Nikaingia ndani nikavaa kitenge changu cha misiba. Nikamwambia jirani naye akavaa. Tukachukua ndizi za kupeleka. Tunatoka hapa langoni, nani namwona? Marehemu. Mwenyewe. Amenyoosha mikono, anasema naomba maji.”

“Jirani alikimbia,” Meneja akasema kwa sauti ndogo.

“Alikimbia kweli! Kwa hao wote wenu, hajapita anayekimbia kama yule.” Bibi akamsogezea Meneja kisahani cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. “Tafuna, baba. Mtu akitoka huko anapaswa kutafuna kitu.”

Meneja akatafuna. Elieth naye akakaribishwa, akatia punje mbili mdomoni, na ulimi wake ukamwambia kwamba hiyo ilikuwa kahawa safi kuliko nyingi zilizopita mezani kwake mwaka ule. Alimwambia bibi hivyo. Bibi akasema anajua.

“Zimebaki ngapi?” Meneja akauliza, akiyatazama maji ya beseni.

“Nne, bosi.”

“Nne? Kwa hiyo nimekwenda moja?”

“Umekwenda saba na kidogo. Njia ni kumi na moja na mita mia mbili.”

Meneja akainua kichwa. “Nani anajua hilo?”

“Mimi. Niliandika kwenye muhtasari.”

“Muhtasari upi?”

“Uliousaini.”

Kuku akaingia akaokota punje ya maharage.

“Sikuusoma,” Meneja akasema.

“Najua, bosi.”

Akaitoa miguu kwenye beseni, mmoja, kisha wa pili, akaitazama kama mali ya mtu mwingine. Elieth alimwambia angeweza kumwitia pikipiki, wenzake wote wanaitumia, hakuna atakayesema. Alidhani atakubali. Meneja akafikiri, akaanza kuvaa soksi.

“Kule Dodoma walitupima presha,” akasema akiwa ameinama. “Daktari alinipima mara tatu, akaenda kuleta mashine nyingine. Ile nyingine nayo ikasema hivyohivyo. Mke wangu sijamwambia. Twende kwa miguu.”

Wakaagana na Ma Kokushubila, ambaye aliwapa ndizi za msiba kwa kuwa msiba haukuwepo, wakaanza kutembea. Walitembea polepole sana. Kwenye kila mwinuko Meneja alisimama akashika mgomba, na Elieth akasimama pia akajifanya anatazama ziwa kule chini. Hawakuzungumza mengi. Mara moja Meneja alimwuliza mtu anawaza nini akikimbia kila siku peke yake. Elieth akasema mara nyingi hawazi kitu, na ndiyo maana anakimbia. Meneja akasema tangu apewe cheo hajawahi kukaa hata robo saa bila kuwaza kitu.

Walipofika ghalani ilikuwa karibu saa tisa mchana. Mahema yalikuwa yameshushwa, mabasi ya wafanyakazi yameondoka kwenda Bukoba, na utepe wa kumalizia ulikuwa umefungiwa masufuria. Muharami alikuwa amelala garini, miguu nje ya dirisha. Bwana Rugaibula akapita mahali ambapo utepe ulikuwepo, akasimama, akaangalia huku na huku. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasugua sufuria akamwambia, “Pole, baba, chakula kimekwisha.”

Ripoti ya mbio ilikuwa kazi ya katibu. Elieth aliiandika kwa siku mbili kama alivyokuwa anaandika habari za magunia. Aliandika urefu wa njia kama ulivyopimwa. Aliandika majina ya wanane, kisha akaongeza la tisa, Rugaibula, aliyefika mwisho kwa miguu yake baada ya saa tatu na dakika arobaini na tano. Aliandika kwamba wengine walirudi kwa vyombo vya usafiri. Akaipeleka, akarudi kwenye vikombe vyake, akasubiri kuitwa.

Aliitwa baada ya nusu saa. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya meza, ripoti mkononi, uso unang'aa.

“Kumi na moja na mita mia mbili,” akasema. “Mimi. Elieth, hii ibandikwe ubaoni. Kwa herufi kubwa.”

Ikabandikwa. Siku nzima Meneja alikuwa na sababu za kupita karibu na ubao. Jioni Mama Joyness aliita kikao cha dharura, kwa sababu mtu wa idara ya ghala, mmoja wa wale wa kijani, alikuwa amechukua kalamu akapiga hesabu chini ya ripoti. Kama njia ilikuwa kilomita kumi na moja na mita mia mbili, na Derick aliimaliza kwa dakika ishirini na nne, basi Derick wa masoko alikuwa binadamu mwenye kasi kuliko wote waliopata kuishi duniani.

Kikao kilikuwa kirefu. Picha ya Derick akivishwa medali na mgeni rasmi ilikuwa imeshatundikwa mapokezi, ndani ya fremu. Kumnyang'anya medali kungekuwa kusema kwamba mgeni rasmi alikosea. Kurudisha njia kwenye tano kungekuwa kusema kwamba Meneja alitumia saa tatu na dakika arobaini na tano kwenye kilomita tano, na Meneja mwenyewe alikuwa amekaa pale. Derick alisema yeye hana neno, ataipokea njia yoyote itakayopitishwa. Sambusa zilikwisha, zikaletwa nyingine.

Mwishowe Mama Joyness akavua miwani.

“Ndugu wajumbe, tunabishana bure. Kila mtu ana mwili wake na safari yake. Katibu, andika: urefu wa njia ni kwa mujibu wa mshiriki.”

Wajumbe wakahema kwa nafuu. Wakaanza kugawa: Derick tano, Meneja kumi na moja na mita mia mbili. Celina na wale wengine saba walipewa tano pia, ili kuwe na usawa.

Elieth hakuandika. “Mama, njia ilikuwa moja. Wote waliipita hiyohiyo.”

“Ndiyo maana tunasema kwa mujibu wa mshiriki.”

“Celina alikimbia kumi na moja.”

“Celina hajalalamika,” akasema Mama Joyness, na hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa Celina alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai na hakuwa mjumbe.

Elieth akamtazama Meneja. Alidhani mtu aliyeshika migomba ile yote angesema neno. Bwana Rugaibula aliangalia dirishani, akakohoa, akavuta karatasi ya azimio. Safari hii aliisoma, mstari kwa mstari. Kisha akasaini.

Elieth akafunga daftari, akaliweka katikati ya meza kati ya sahani, akaweka kalamu juu yake. “Naomba kuacha ukatibu. Nina magunia yananingoja.”

“Kamati haina utaratibu wa kujiuzulu,” akasema Mama Joyness kwa mshangao wa kweli.

“Basi undeni, mama.”

Wakaunda. Kamati ndogo ya watu watano, mwenyekiti Derick, ilipewa kazi ya kutayarisha utaratibu huo na ilikaa mara nne. Wakati inakaa mara ya pili, Elieth alikuwa ameshafuta vumbi kwenye raba. Wiki ya kwanza alikimbia vibaya, akiwa mzito na anabanwa mbavu, na alirudi nyumbani akaogea maji baridi huku akijisema ovyo. Wiki ya tatu pumzi ikarudi. Siku moja alimwomba Celina waende pamoja, naye akaja, kanga ileile juu ya suruali, akamwacha Elieth nyuma mlima wa kwanza na kumngojea juu bila kuhema. Ikawa wanakwenda wote Jumanne na Alhamisi. Mama yake Elieth, alipoona mashavu yamerudi kuwa yalivyokuwa, aliuliza kwa huzuni imekuwaje kamati ile, na wiki hiyo hiyo mikungu ya ndizi ikaanza tena kuletwa Miembeni.

Alfajiri moja ya mwezi wa saba Elieth alikuwa peke yake kwenye barabara ya Kemondo, ukungu bado haujapanda kutoka ziwani, alipoona mbele yake mtu mzito anatembea ukingoni mwa lami, fimbo mkononi, anahema kwa mpangilio. Nyuma yake, mbali kidogo, gari lilikuwa linamfuata mwendo wa kinyonga, Muharami akipiga miayo kwenye usukani.

Bwana Rugaibula akasimama. Alikuwa amepungua shingoni. Wakatazamana.

“Habari za asubuhi, bosi.”

“Nzuri. Elieth…” Akaangalia gari, akaangalia barabara, akashusha sauti. “Hili usiwaambie kamati.”

“Lipi, bosi?”

“Hili la kutembea. Wataniwekea mgeni rasmi.”

Elieth akasema hatamwambia mtu, akampita, akaendelea kupanda.